Barua ya Wazi kwa Bodi ya Shule Yetu: Kisomeni Kwanza, Kisha Mturudishie

Mombasa

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Usimamizi,
Kwa Mwalimu Mkuu,
Na kwa wanachama wote wa Bodi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu,

MINT: KUZUIWA KWA RIWAYA YA THE CATCHER IN THE RYE NA KUSIMAMISHWA KWA CHAMA CHA WASOMAJI

Nawasalimu kwa heshima na taadhima. Mimi ni mama wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule yenu. Jina la shule silitaji, kwa kuwa sina haja ya kuichafua shule iliyomfunza mwanangu hesabu ambazo mimi mwenyewe zilinishinda. Mnajijua, na barua zangu mnazo. Niliwaandikia, kimya. Nikaja, nikaketi kwenye benchi la nje ya ofisi pamoja na wazazi waliokuja kuomba muda wa karo, hadi nikaambiwa kwamba jambo hilo lishashughulikiwa. Nilipouliza limeshughulikiwa vipi, nikaelekezwa nikamuulize kijana wangu. Kijana mwenyewe hajui. Basi yale niliyokuwa nikiyasema kwa sauti ya chini, leo nayasema hadharani.

Kwa wasiokijua kisa, ni hivi. Chama cha wasomaji kilikuwa kikikutana Ijumaa alasiri baada ya vipindi. Mwalimu mlezi aliwaachia wanafunzi wachague wenyewe cha kusoma, nao wakachagua The Catcher in the Rye ya J.D. Salinger, riwaya iliyochapishwa Marekani mwaka 1951. Wazazi tulioridhia tulichanga, mwalimu akazunguka kwa wauza vitabu vya mtumba mjini, akapata nakala chache, kila moja na jalada lake. Moja ilikuwa na muhuri wa maktaba ya shule fulani ya huko huko Marekani, mgongo wake umeshikizwa kwa selotepu. Vijana wakawa wanapokezana, wawili kwa nakala moja. Walikuwa wanakaribia kumaliza pale picha ya ukurasa mmoja iliporushwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, na tusi moja limezungushiwa kalamu nyekundu. Kufikia Jumatatu nakala zote zilikuwa zimekusanywa na kufungiwa stoo, chama kimesimamishwa, mwalimu kaondolewa ulezi, na wanafunzi wameandikishwa barua za kuomba radhi.

Nisije nikaonekana shabiki, niseme mapema kwamba kitabu hiki nimekisoma chote na hakikunipendeza sana. Nilikuwa nikikisoma usiku kijana akishalala, maana mchana kilikuwa chake yeye. Holden Caulfield, mvulana wa miaka 16 ambaye mkasa ni wake, ananichosha. Analalamika tangu ukurasa wa kwanza. Kwake yeye kila mtu mnafiki, isipokuwa watoto wadogo na nduguye aliyekufa. Amefukuzwa Pencey, shule ya bweni ya wenye nazo, kwa kufeli masomo manne kati ya matano, na si shule ya kwanza kumtoka. Badala ya kwenda nyumbani kuwaeleza wazazi, anashukia New York siku chache kabla ya Krismasi, anazurura na fedha za nyanyake mfukoni. Mzazi wa Mombasa anayejua karo ya muhula inatoka wapi akisoma hayo anatamani kuingia ndani ya kitabu amshike sikio. Kwa hiyo siwaandikii kwa mapenzi ya Holden. Nawaandikia kwa sababu ya namna mlivyoamua.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitabu kilihukumiwa kwa picha iliyokatwa

Ukurasa ule naujua. Uko katika sura ya 25, na kitabu kina sura 26. Holden amekwenda shule ya msingi anakosoma mdogo wake Phoebe, mwenye miaka 10, kumwachia ujumbe. Humo shuleni anakuta mtu kaandika tusi ukutani. Linampandisha wazimu. Anamfikiria Phoebe na watoto wenzake wakiliona, wakiulizana maana yake nini, mpaka mtoto mmoja mchafu awaeleze visivyo. Anatamani amkamate aliyeliandika amponde. Kisha analifuta kwa mkono wake mwenyewe, huku roho iko juu, anaogopa mwalimu asije akamkuta pale akadhani yeye ndiye aliyeandika. Akiteremka kwa ngazi nyingine anakutana na jingine, na hilo limechongwa kwa kisu. Halifutiki.

Aliyepiga picha alikata juu, akakata chini. Likabaki tusi peke yake, na mkono unaolifuta ukaachwa nje. Siamini alikusudia ubaya. Aliona neno, akashtuka, kama ambavyo mzazi yeyote angeshtuka. Lakini Bodi si mzazi mmoja mwenye simu saa nne ya usiku. Bodi ina katibu, ina kikao, ina wajumbe waliosoma. Je, katika kikao kile kuna yeyote aliyefungua ukurasa wa kabla na wa baada? Nauliza kwa sababu mwanachama mmoja aliponiambia kwamba kitabu "kinawafundisha watoto kuandika matusi ukutani", nilijua jibu.

Na la kuchekesha, kama kuna la kuchekesha humu, ni kwamba chama kilikuwa hakijafika sura hiyo. Walikuwa wamesimama sura ya 24. Vijana wameomba radhi kwa ukurasa ambao chama chao hakijaujadili. Neno lenyewe wanalijua, tena si kwa Salinger. Limeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa nyuma ya vyoo vya shule yetu, nililiona kwa macho yangu siku ya mkutano wa wazazi, na hadi leo sijasikia kamati iliyoundwa kulifuta.

Nakubali kwamba lugha ya kitabu kizima ni ya mtaani. Holden anaapa apa na kutukana karibu kila aya, na mimi nisingependa mwanangu azungumze vile mbele ya bibi yake. Hajazungumza vile. Anajua kutenganisha anachosoma na anachosema mezani, na kama hajui, basi ni kazi yangu mimi na babake, si kazi ya mlango wa stoo.

2. Mwalimu mlezi amebebeshwa lawama isiyo yake

Mwalimu huyu hakumlazimisha mtu. Alituma fomu ya ridhaa nyumbani, iliyotaja jina la kitabu, mwaka wake, na kwamba kina lugha kali na habari za watu wazima. Nilitia saini. Wazazi wengine wakatia saini, akiwemo mmoja ambaye siku hizi anaapa kwamba hakuwahi kukisikia. Fomu hizo ziko wapi? Naomba zitolewe, tusomeane.

Mwaka 1960, mjini Tulsa katika jimbo la Oklahoma, mwalimu mmoja alifutwa kazi kwa kuwapa wanafunzi wake riwaya hii hii. Alikata rufaa akarudishwa kazini, kitabu chenyewe kikaachwa nje. Tangu 1961 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna kitabu kilichopigwa vita zaidi ya hiki katika shule za sekondari za Marekani, na katika miaka hiyo hiyo kikawa miongoni mwa vitabu vilivyofundishwa zaidi katika shule hizo hizo. Wenzetu walizozana juu yake miongo mizima, magazetini, mabarazani, mahakamani. Sisi tumelimaliza kati ya Ijumaa na Jumatatu, tena bila mwalimu kuitwa ajieleze. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mwalimu huyu hata toka hakuambiwa. Alikuta tu jina lake limeondolewa kwenye orodha ya walezi iliyobandikwa ubaoni.

3. Barua za kuomba radhi

Kijana wangu alipewa karatasi akaambiwa aandike. Akauliza, "Niombe radhi kwa kosa gani, Mwalimu?" Akajibiwa aandike "kwa kosa nililolifanya". Akaandika hivyo hivyo. Karatasi hiyo sasa imo kwenye faili lake, na siku moja atakayelifungua hatajua kama mtoto huyu aliiba, alipigana au alisoma.

Ibara ya 47 ya Katiba yetu ya 2010 inasema mtu anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi. Ibara ya 33 inatambua uhuru wa kutafuta na kupokea habari na mawazo. Sidai kwamba mtoto wa shule ana uhuru wa kufanya apendavyo, hata mimi nyumbani simpi huo. Nadai sababu, na iandikwe.

4. Hakuna aliyewauliza vijana walichokipata humo

Hili ndilo lililonitoa kwenye subira, kwa hiyo mniwie radhi nikilirefusha.

Nyumbani kwetu tulifiwa. Mtoto wa dada yangu, niliyemlea tangu hajaanza kutembea, aligongwa akiwa nyuma ya bodaboda huko Kisauni. Yeye na mwanangu walilala chumba kimoja, wakala sinia moja, wakagombania rimoti moja. Tulisoma hitima, watu wakatawanyika, na mwanangu hakulitaja tena jina la nduguye. Nilimuuliza mimi, babake akamuuliza, maalim wake wa madrasa naye akamkalisha. "Niko sawa." Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake, kwa kila mtu, kwa mwaka mzima na zaidi.

Katika riwaya hii, Holden ana ndugu aitwaye Allie. Alikufa kwa saratani ya damu mwezi Julai 1946, akiwa na miaka 11, Holden ana 13. Allie alikuwa na glavu ya kuchezea besiboli, ameijaza mashairi kwa wino wa kijani, ili apate cha kusoma uwanjani mpira usipokuja upande wake. Usiku aliofariki, Holden alilala gereji akavunja vioo vyote vya madirisha kwa ngumi, na mkono ule hadi leo haukunjiki sawasawa, na mvua ikinyesha unamuuma. Haya yote anayasimulia kwa kupitia tu, kwa kisingizio cha insha ambayo mwenziwe wa chumbani alimwomba amwandikie. Aliambiwa aeleze chumba au nyumba. Akaeleza glavu.

Siku mwanangu aliyosoma hapo, alikuja jikoni usiku nikikanda unga wa mahamri ya asubuhi. Akasimama mlangoni. "Mama, zile njumu zake ziliwekwa wapi?" Zilikuwa ndani ya boksi juu ya kabati la chumba changu, udongo wa kiwanja bado umeganda kwenye meno yake. Akaziteremsha, akakaa sakafuni nazo mapajani, akaanza kuzungumza. Aliyoyasema ni yake, siyaandiki hapa. Ila alizungumza mpaka unga ukaumuka na ukafurika beseni, naye bado anazungumza.

Sisemi kitabu ni dawa. Wapo vijana katika chama kile waliokiona kinachosha kama nilivyokiona mimi. Mmoja wao alisema Holden angepelekwa Lamu kwa mjombake akavutishwa nyavu mwezi mmoja, angepona. Hoja nzuri, na mwalimu aliwaacha waijadili. Lakini hakuna mjumbe wa Bodi aliyekaa na vijana hawa hata nusu saa akawauliza kimewafaa nini, kimewaudhi nini, wangependa nini kibadilishwe. Walioulizwa ni watu ambao hawajakisoma, na waliokisoma wakaambiwa waandike radhi.

5. Mmefungia ukurasa ambao shule ingepaswa kuutafuta kwa taa

Sura ya 24, ile ambayo chama kilikuwa kimeimaliza, ningeiomba Bodi iisome hata kama hamtasoma nyingine. Holden hana pa kulala. Anakwenda kwa Bwana Antolini, aliyekuwa mwalimu wake wa Kiingereza, mtu anayemheshimu. Huyu ndiye mwalimu aliyemwinua mwanafunzi aitwaye James Castle pale alipoanguka na kufa. Kijana aliyejirusha dirishani akikwepa mateso ya wenzake waliotaka afute neno alilosema. Antolini anampokea Holden vizuri, anampa nasaha za maana, anamtandikia kochi. Usiku wa manane Holden anazinduka: mwalimu ameketi sakafuni gizani, anampapasa kichwa. Holden anavaa mbio mbio, anatoa visingizio, anaondoka. Baadaye anajiuliza kama amemdhania vibaya mtu mwema. Mwandishi hatuamulii.

Sisi tunaishi Pwani. Tunajua watoto wetu wanavyochezewa na watu wazima, na mara ngapi mtu huyo ni anayeheshimika, anayesaidia, anayeaminiwa na wazazi. Mtoto hunyamaza kwa sababu hana hakika, au kwa sababu mtu ni mwema, au kwa kuwaza nani atamsadiki. Ijumaa yao ya mwisho vijana hawa waliitumia yote kubishana kama Holden alifanya sawa kuondoka, na kama mtu anahitaji kuwa na hakika ndipo aondoke. Wavulana wa miaka 16 na 17, kwa hiari yao, mbele ya mwalimu! Mzazi gani kati yetu amewahi kufaulu kuyaanzisha mazungumzo hayo nyumbani? Mimi nimejaribu, nikaishia kumuuliza kama ameshakula.

Sasa nayajua mtakayonijibu, kwa kuwa mengi nimeshayasikia kwenye grupu.

Mtasema kuna kahaba. Yupo. Holden anadanganywa na mwendesha lifti wa hoteli, msichana analetwa chumbani, na kijana anajikuta hana hamu yoyote, ana huzuni tu. Anamwambia wazungumze. Anamlipa, anamwacha aende hivi hivi. Kisha mwendesha lifti anarudi kudai zaidi, wanamnyang'anya dola tano na anapigwa ngumi ya tumbo. Kama kuna mvulana aliyemaliza sura hizo akatamani maisha hayo, nionyesheni. Na kwa wale wanaosema habari za namna hii hazifai kabisa kusikiwa na mtoto wa dini: watoto wetu wanahifadhi Surat Yusuf madrasani, wanajua mke wa mheshimiwa alifunga milango, wanajua kanzu ilichanwa upande gani. Wenzao wa kanisani wanasoma habari za Daudi na Bathsheba. Silinganishi riwaya na vitabu vitukufu, audhubillahi. Nasema tu kwamba kumsimulia kijana habari ya kishawishi hatukuanza leo.

Mtasema ni kitabu cha kigeni, hakina maadili yetu. Mbona tamthilia ya A Doll's House ya Henrik Ibsen, Mnorwe, ya mwaka 1879, iliwahi kuwekwa na serikali miongoni mwa vitabu teule vya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari? Humo mama wa watoto watatu anafunga mlango nyuma yake na kumwachia mume nyumba na watoto. Hamkuifungia stoo, mliwanunulia walimu miongozo yake. Na tusijifanye kwamba maadili yetu hayajui mambo haya. Anayetaka ushahidi ahudhurie vugo la harusi yoyote mjini, asikilize mashairi wanayoimbiana kina mama, watoto wako miguuni pale pale wanatafuta halua.

Mtasema hakimo kwenye mtaala. Hata sataranji haimo, na chama chake kimepewa chumba.

Mtasema, kama ule ujumbe uliosambazwa, kwamba ni "kitabu cha wauaji". Kweli, Mark David Chapman alipomuua mwanamuziki John Lennon huko New York tarehe 8 Desemba 1980 alikuwa nacho, na polisi walimkuta anakisoma. Kweli pia kwamba zaidi ya nakala milioni 65 zimeuzwa duniani. Hao wasomaji wengine wamemuua nani?

Na mtasema, hili ndilo naliheshimu zaidi, kwamba vijana hawa bado wadogo na Bodi inawajibika kuwalinda. Sawa. Lakini tumeshawahi kulinda kwa namna hii, na tunajua lilikotufikisha. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971 ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa hofu hii hii ya kuwapotosha vijana. Ni kisa cha binti aliyelelewa kwa kipigo, babake akampiga hata kwa barua ya mvulana, akatoka nyumbani kwenda kusoma bila kujua lolote la kujilinda nalo, dunia ikammaliza. Baadaye riwaya ile ile ikaingizwa kwenye orodha ya vitabu vya sekondari. Waliokuwa shuleni miaka ile ya marufuku, waliokihitaji, walishamaliza shule. Na papa hapa Mombasa tunajivunia Abdilatif Abdalla, aliyefungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa kuandika waraka uliouliza Kenya twendapi. Mashairi aliyotunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakatunukiwa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani. Mji wenye historia hiyo ungepaswa kuwa mzito kidogo wa kufungia maandishi.

Ninayoomba ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

Kwanza, wanachama wa Bodi waisome riwaya yote kabla ya kuijadili tena. Nakala ziko stoo kwenu. Ni kitabu chembamba, mtu mwenye shughuli anakimaliza wikendi moja.

Pili, nakala zirudishwe kwa waliozinunua. Kijana wangu na mwenziwe wamebakisha sura mbili, na nimekataa kata kata kuwasimulia mwisho.

Tatu, barua za kuomba radhi ziondolewe kwenye mafaili ya wanafunzi, mbele ya wazazi wao.

Nne, mwalimu arejeshewe ulezi, au apewe kwa maandishi sababu za kuondolewa na nafasi ya kuzijibu.

Tano, chama cha wazazi, ambacho kimewekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 na si cha kuchangisha fedha za basi pekee, kiitishe kikao kuhusu vitabu vya ziada. Mzazi aliyepiga picha awepo, na apewe nafasi ya kwanza kuzungumza. Alikuwa na uchungu wa mwanawe kama nilivyo na uchungu wa wangu. Mzazi asiyetaka mwanawe asome kitabu fulani aandike, na mtoto apewe kingine bila kudhihakiwa. Lakini saini ya mzazi mmoja isimfungie mtoto wa mzazi mwingine.

Nangoja jibu la maandishi kabla ya shule kufungwa muhula huu. Lisipokuja, nitalipeleka lalamiko hili mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, pamoja na nakala za barua zangu za awali na fomu ya ridhaa yenye saini yangu. Ningependelea tuyamalize wenyewe. Mkiniita nitakuja, hata mkinikalisha tena kwenye lile benchi.

Wenu kwa heshima,

Mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu
(Jina na nambari ya simu mnavyo katika barua zangu mlizonazo)

Nakala kwa: Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi, Mwalimu mlezi, Wazazi wote waliotia saini